Chungu cha Pembeni cha Mama Anjelika

Watu wa mtaa wetu wa Lizaboni wakikuona umepungua wanakuuliza unaumwa nini. Wakikuona umenenepa wanasema mume anakutunza. Mimi Nasma, au mama Halima, nauza vitenge hapa miaka mingi, nimepewa salamu hizo zote mbili mpaka zimenichosha, na siku hizi anayenianza namjibu papo hapo. Mdomo wangu hauna kufuli, sikatai. Lakini habari hii si yangu, ni ya jirani yangu Imaculata, ambaye sote tunamwita mama Anjelika. Kati ya jiko lake na langu kuna ukuta mmoja wa matofali ambao haukufika juu, kwa hiyo yeye akikaanga pilipili kwake mimi napiga chafya kwangu. Ninayoyasema nimeyaona na kuyanusa.

Mama Anjelika ana genge la mboga na nyanya mbele ya nyumba yao. Alikuwa mwanamke mkubwa, na ukubwa ule ulimpendeza, mtu asinidanganye. Mimi ndiye niliyekuwa namkatia vitenge, najua vilivyomkaa. Ni mcheshi, na akicheka mwili wote unashiriki. Mume wake Romanus ni seremala, mzaliwa wa Maposeni, mtu mpole ambaye maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kijiko. Wana watoto wawili, Anjelika wa sekondari na Dennis wa darasa la sita.

Nyumba ile ilikula, sijui nisemeje tena. Jioni ugali wa sembe unapakuliwa kwenye sinia, mweupe, unafuka moshi, na pembeni kuna likolo, ndiyo mboga ya majani kwa watu wa huku, limeogelea kwenye mafuta, na dagaa wa Nyasa au maharage. Baba na watoto wanazunguka sinia. Mama Anjelika mwenyewe hakutulia hapo. Anainuka kuleta maji, anainuka kuongeza mboga, anamwambia Dennis mbona huli, anamsukumia ugali wa upande wake. Wakishiba wanaondoka wameacha robo ya mlima, ndipo yeye anaposogeza kigoda na kuanza kula. Anamaliza yote, halafu anaukwangua na ukoko uliogandia sufuriani.

Hakuwa mlafi, naomba hilo lieleweke. Alipoolewa kwenye ukoo ule, mama mkwe wake, bibi Notburga wa Maposeni, alimweka chini akamfundisha kwamba kwa mwanamke mwenye akili chakula hakilali. Akamfundisha pia kwamba ugali haupikwi wa kupimia watu, kwa sababu akipita mgeni utamwambia nini. Basi kila siku alipika wa mgeni, na mgeni hakupita. Mgeni akawa yeye.

Sasa, Wangoni wana heshima ya magoti. Mke akimsalimia mkwe anapiga magoti, akimnawisha mgeni mikono anapiga magoti, na huyu ni Mkatoliki, kwa hiyo hata kanisani ni magoti. Magoti yake yakaanza kuvimba. Alikuwa anayapaka dawa ya kuchua na kuendelea na genge lake, mpaka Ijumaa Kuu ya mwaka jana. Alikwenda kubusu msalaba, akapiga magoti vizuri, akabusu vizuri, halafu hakuinuka. Foleni ikasimama. Wazee wawili wa kanisa wakaja wakamshika makwapani, mmoja huku na mwingine huku, wakamnyanyua mbele ya watu wote. Mimi sikuwepo, dini yangu nyingine, lakini nilikuwa nimeshasimuliwa na nusu ya mtaa kabla yeye hajafika nyumbani. Alipofika alicheka, akaniigizia jinsi wale wazee walivyokunja sura. Nikajua limepita.

Kumbe sikujua kitu. Mwezi wa kumi walikuwa wanatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na padri alishakubali kuwabariki kwenye misa. Wenyewe wanaita jubilei. Wanandoa wanapiga magoti mbele ya altare kama siku ya harusi, wanabarikiwa, wanainuka, vigelegele vinapigwa. Romanus, kwa mapenzi yake yote, akajifungia karakanani akachonga kiti. Kiti cha mninga, kina mikono, kimevishwa mahameli nyekundu, askofu angekikalia. Akakileta uani kwa mkokoteni, akamwambia mkewe kwamba siku ile yeye atapiga magoti, na mama Anjelika atakaa hapa asiteseke. Mama Anjelika akakipapasa kile kiti, akasema ahsante baba Anjelika, kizuri. Akaingia ndani.

Baadaye kidogo nikamkuta kwenye mlango wangu wa nyuma macho mekundu. Nikadhani kuna msiba.

"Mama Halima," aliniambia, "sitaki kiti. Nataka nipige magoti pembeni ya mume wangu na niinuke mwenyewe. Nikikaa kwenye kile kiti siku ile, sitainuka tena maisha yangu yote."

Nilimkalisha nikamchemshia chai, nikaweka sukari vijiko vitatu kama kawaida yetu. Ndivyo tulivyokuwa, hata kilio cha unene tulikituliza kwa sukari.

Akaenda kliniki. Nesi akampima presha, akampima uzito, akamwambia magoti yake yanabebeshwa kuliko yanavyoweza, na dawa ya kuchua haitasaidia kitu mzigo usipopungua. Apunguze ugali, mafuta na soda, atembee, afanye polepole bila kujiumiza. Halafu akamuuliza nyumbani mnakulaje. Mama Anjelika akajibu kwa fahari kwamba wanakula vizuri sana, anamshukuru Mungu. Lile swali liliishia hapo, na ndipo kosa lilipoanzia.

Maana alirudi na akili kwamba ugonjwa ni wake, chakula ni chake, na nyumba isisumbuliwe. Akatafuta chungu kidogo, kile cha kuchemshia maziwa zamani. Akawa anawapikia wenzake mlima wao kama kawaida, na yeye anajiinjikia pembeni majani ya maboga na maji na hakuna kingine. Anakula jikoni peke yake, amegeukia ukuta. Nilimuuliza yale ni mateso gani. Akasema ni kama mfungo. Nikamwambia asinifundishe mfungo mimi, sisi tunafunga mwezi mzima na wengine wetu tunatoka tumenenepa kwa futari, kwa hiyo habari si kujinyima tu.

Hakunisikia. Akakaza roho wiki baada ya wiki, akarudi kliniki, na mzani ukasema ameongezeka. Nesi akampima tena akidhani mzani umeharibika. Mzani ulikuwa mzima.

Jibu nililipata mimi kupitia ule ukuta wetu. Jioni moja nikasikia kitu kinakwangua sufuria upande wa pili, kwaru, kwaru, na kila mtu kwao alishaondoka kwenye sinia. Nikapaza sauti kuuliza ni nani anakwangua. Kisha akajibu kwamba ni paka. Nikamwambia paka wenu amejifunza kushika kijiko.

Alicheka mpaka akakaa chini, namsikia anahema. Halafu akalia kweli. Akaniambia kupitia ukutani kwamba kula majani anaweza, njaa anaiweza, lakini ugali ukibaki kwenye sinia anasikia sauti ya mama mkwe wake masikioni, na mkono unakwenda wenyewe. Alikuwa anakula chungu chake, kisha anakula na mabaki ya nyumba nzima. Nilikasirika siku ile, sijui nilimkasirikia nani. Mtu anajitesa mchana kutwa halafu anabeba na mzigo wa wenzake, na hakuna hata mmoja aliyemwambia leta nikusaidie.

Nao walikuwa hawajui. Romanus alidhani mkewe amechukizwa na kiti, akakificha nyuma ya mbao karakanani, akazidi kunyamaza, wakati hata ukimya wa mwanzo ulikuwa unatutosha. Dennis alinijia dukani akaniuliza kama mama yake anakufa. Anjelika akaanza kupitia chipsi mayai barabarani akitoka shule, anafika nyumbani ameshiba, kwa hiyo ugali unabaki mwingi zaidi. Sinia lile lililokuwa na makelele likawa na watu watatu, mmoja anatazama simu, mmoja anatazama ukuta, na Romanus anatafuna.

Hali ikiwa hivyo, mwezi wa saba bibi Notburga akaja.

Huja kila mwaka baada ya mavuno, na magunia yake ya mahindi na maharage, hakosi. Ni bibi mwembamba, mrefu, bado analima mwenyewe, na ana macho yasiyokosa kitu. Mimi nikimpa shikamoo huwa nanyoosha mtandio kwanza. Alifika mchana, na mama Anjelika akampokea kwa kuinama tu, maana magoti yalikuwa yamekataa, akaomba radhi. Bibi akapokea salamu. Jioni likaletwa sinia, bibi akakaa na mwanawe na wajukuu, akamngoja mkwewe. Mkwewe haji. Akainuka, akaenda jikoni, akamkuta amegeukia ukuta na chungu chake mapajani.

Akarudi, akanawa mikono ile ambayo haijala, akaenda kulala na njaa. Asubuhi akaja kwangu kuomba muhogo wa kuchoma. Akala kwangu mchana, akala kwangu jioni. Nikajua kuna jambo, kwa sababu bibi Notburga hajawahi kuusifia muhogo wangu.

Wa mjini mnaweza msione ubaya wowote. Mtu kupika chakula chake, si ndiyo mambo ya siku hizi. Lakini huko kwao, na hata kwetu Namtumbo si mbali na hivyo, mke hainjiki chungu cha pembeni katika nyumba ya mumewe. Akikiinjika ana mawili. Ama ameshaondoka moyoni anangoja siku ya kufunga mizigo, ama anaogopa kwamba kwenye chungu cha wote amewekewa kitu. Na ukimwogopa mtu kwa chakula siku ambazo mama wa mume amekuja, umeshamtaja mchawi. Mama Anjelika alilijua hilo tangu mtoto. Ni magoti yaliyomsahaulisha.

Bibi akamwita kwa simu mdogo wake Romanus, Polikarp, naye akaja na bodaboda kutoka Maposeni akiwa amevaa koti la kikao. Wakaketi sebuleni. Na mimi nikaitwa, kama jirani na kama mwenye muhogo. Watoto wakaambiwa watoke, wakaenda kusimama dirishani. Polikarp akafungua kikao kwa maneno marefu, bibi akamkatiza. Alisema amemlea mkwe huyu kama binti yake. Alisema amekula kwake miaka yote bila shaka. Sasa anamuuliza mbele ya mashahidi, nani katika ukoo huu amemtilia nini, maana anakula amejificha. Kisha akasema lile lililotukata maini sote.

"Na hiyo jubilei msiniite. Watu wasiokula pamoja wanabarikiwa nini?"

Romanus akageukia dirisha walikosimama wanawe. Nilitamani kumtupia kandambili. Mama Anjelika alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti yale yaliyovimba, na mimi nikaona kabisa kila kitu kinamponyoka, jubilei na mama mkwe kwa mkupuo mmoja. Kisha akainua uso. Hakulia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anamweleza mteja habari za nyanya.

"Mama, sikukimbia chungu chenu kwa kuogopa. Nimekikimbia kwa sababu nikikaa hapo siwezi kuacha. Nilipoolewa uliniambia chakula hakilali. Basi kila walichobakiza nimekila mimi. Miaka ishirini na mitano mimi ndiye pipa la nyumba hii, na sasa pipa limejaa, haliwezi kupiga magoti."

Bibi akamuuliza, nani alimwambia awe pipa.

"Wewe, mama," akasema mkwewe, kwa adabu kabisa.

Polikarp alichunguza kifungo cha koti. Bibi Notburga akainuka, nikajua anakwenda kuchukua mkoba wake. Akaenda jikoni. Akarudi na kile chungu, akachota majani kwa vidole, akayatia mdomoni, akatafuna muda mrefu. Akasema haya si chakula, haya anapewa sungura. Chumvi iko wapi, nyanya iko wapi. Halafu akakaa chini kwenye mkeka, karibu na mkwewe, akamshika goti moja akalibonyeza kama anavyobonyeza parachichi kujua limeiva.

Akatangaza kwamba kuanzia kesho nyumba hii ina chungu kimoja, na chungu hicho ni cha huyu. Atakachokula huyu ndicho watakachokula wote, yeye bibi akiwemo, na Romanus akiwemo. Ugali utapikwa wa watu waliopo. Mgeni akija, jiko lipo na unga upo, atangoja kama watu wanavyongoja. Na anayebakiza chakula chake atakuta kiporo chake mwenyewe asubuhi. Polikarp akauliza kama na yeye aliyekuja tu kwa kikao ni mmoja wa hao. Akaambiwa aende kwao.

Jamani, miezi iliyofuata nilifaidi kuliko kwenda sinema. Kwanza bibi hakurudi Maposeni, alikaa kusimamia. Mlima ukawa kichuguu. Likolo ndilo lililojaa sinia sasa, majani ya maboga leo, kunde kesho, matembele keshokutwa, limetiwa nyanya na karanga kidogo tu za kuponda, na mafuta yanapimwa kwa kijiko. Maharage yakawa mengi, dagaa wakachemshwa badala ya kukaangwa. Unga ukawa dona. Na mama Anjelika alikatazwa kuinuka inuka. Maji yaletwe na Dennis, mboga iongezwe na Anjelika, mama akae ale na wenzake mpaka wote washibe. Siku za mwanzo alikuwa anahangaika kwenye mkeka utadhani kakalia siafu, hajui mtu anakulaje bila kuhudumia.

Kiporo cha kwanza kilimwangukia Dennis. Alibakiza tonge mbili jioni akizoea kwamba zitatoweka zenyewe, asubuhi akazikuta kwenye sahani zinamsubiri, zimekauka. Alizila kwa chai akimtazama bibi yake kwa jicho la lawama. Tangu siku hiyo alijipakulia kwa akili.

Aliyetusumbua ni Romanus. Alikuwa anakula kichuguu chake kwa upole bila kulalamika, nikamhurumia, mpaka nilipokwenda kumfuata fundi mmoja kule karibu na karakana yake nikapita kwa mama lishe. Nikamwona seremala wetu kwa macho yangu haya, wali sahani ya kujaa, samaki mbasa mzima mbele yake, jasho linamtoka kwa raha. Aliponiona akasukuma sahani kwa mtu wa pembeni. Nilimsalimia tu. Jioni nikapaza sauti juu ya ukuta nikimuuliza bibi kama mbasa nao wamo kwenye chungu kimoja. Walivyocheka kule, nasikia Romanus mwenyewe alicheka mpaka akapaliwa. Kesho yake alikwenda kazini na chakula cha nyumbani kwenye hotipoti, na ndivyo anavyofanya hadi leo. Mkanda wake umetobolewa matundu mapya, na ile chipsi mayai ya Anjelika ikafa yenyewe, kwa sababu nyumbani sasa kulikuwa na makelele na hakutaka kuyakosa.

Mama Anjelika akapungua. Si kwa ghafla kama wale wa matangazo ya redioni, alipungua polepole, na magoti yakaanza kumtii. Jioni baada ya kula alifanya zoezi alilofundishwa na nesi, anakaa kwenye kigoda anainuka, anakaa anainuka. Kisha akaanza la kwake. Anapiga magoti kwenye mkeka ameshika meza, anainuka. Baadaye ameshika bega la Anjelika. Baadaye kidole tu. Mtaani wakaanza kumuuliza anaumwa nini, na mimi nilikuwa kwenye kibaraza changu tayari, nikawajibu kwa niaba yake, wengine hawajarudi kununua kitenge. Kile kiti alikinunua mwalimu mmoja mgeni kutoka Bukoba, anakikalia akisahihisha madaftari.

Lakini siku moja kabla ya jubilei alikuwa hajawahi kuinuka bila kushika kitu. Aliniambia hivyo alipokuja kuchukua kitenge chake, ambacho nilikishona nikipunguza pande zote mbili. Nikamwambia akishindwa mume yupo, mkono wa mume si aibu. Akasema anajua. Lakini nilimwona anavyokishika kile kitenge.

Niliingia kanisani na mtandio wangu, bibi Notburga akanivuta nikae naye mbele, kwenye benchi la ukoo. Romanus alivaa suti, amenyooka. Wakaitwa. Wakatembea, wakapiga magoti sawasawa, yeye na mumewe, kwenye sakafu ile bila mto wala kitu. Padri akawanyooshea mikono, akasali, sala ndefu kuliko zote nilizowahi kuzisikia. Bibi alikuwa amenishika mkono, ananibana mifupa. Kisha padri akawaambia wasimame.

Romanus akasimama. Akamwachia mkewe kiwiko hapo karibu, bila kumshika, mwenye akili yule. Mama Anjelika hakukitazama. Aliweka mguu wa kulia mbele. Akaweka kiganja kwenye paja lake mwenyewe. Akangoja kidogo, na kanisa zima likangoja, hata watoto. Kisha akapanda. Alipanda taratibu, mpaka akawa amesimama wima, na akageuka kututazama uso umejaa kicheko. Mwenyezi Mungu anisamehe, kigelegele cha kwanza kanisani mle kilikuwa changu.

Tukaenda nyumbani, turubai limefungwa uani. Pilau ilikuwepo, wageni ni wageni, lakini likolo lilikuwepo sufuria mbili na lilikwisha la kwanza. Nilifurahi siku ile mpaka mashavu yakaniuma. Wanandoa wakaketi meza kuu, muda wa kunawa ukafika, na Anjelika akachukua birika na beseni aanze na wazazi wake.

Bibi Notburga akamnyang'anya birika. Akatembea nalo mbele ya watu wote mpaka kwa mkwewe, akakunja kitenge chake, akapiga magoti.

Nyimbo zilikatika. Polikarp aliinuka nusu akabaki hivyo. Kwa Wangoni mkwe humpigia mama mkwe, sijawahi kuona wala kusikia kinyume chake. Mama Anjelika akaruka kutoka kitini, akasema hapana mama, usinifanyie hivi, na kwa kuwa hawezi kusimama juu ya kichwa cha mama mkwe wake, akapiga magoti na yeye. Wakabaki hivyo kwenye vumbi, wawili wanatazamana, birika katikati, na hakuna aliyekubali kuinuka kwanza.

"Kanisani sikukuona," bibi akasema. "Nilifumba macho. Niliogopa utaanguka, na kama ungeanguka ni mimi ningekuwa nimekuangusha. Inuka tena, mwanangu, nikuone."

Mama Anjelika akatangulia na mguu wa kulia, akainuka. Bibi alimfuata kwa uso kutoka chini mpaka juu, machozi yanamteremka hajayafuta. Hakuinuka yeye. Akamwambia alete mikono, akamnawisha, mmoja kisha mwingine, na tukala.